Kanga Aliyekataa Kuanguka

Nchi hii haipo. Nimeagizwa niseme hivyo kabla ya jambo lolote, na kwa kuwa mimi ni mtu mtiifu, nimesema. Haipo, haina mipaka, haina bendera, wala haina ofisi ambayo karani wake ametoka kidogo tangu Jumatatu. Msomaji akikutana na kitu anachokifahamu, apanguse miwani yake aendelee.

Katika nchi hii isiyokuwepo palikuwa na Baraza la Kamusi, na katika Baraza hilo, chumba cha tatu mkono wa kushoto, alikaa Bi. Arafa Mwinchande, mtunza kadi wa herufi K. Alikuwa amekaa hapo miaka ishirini na saba. Chumba cha jirani kilikuwa cha herufi X. Lugha ya nchi ile haikuwa na neno hata moja linaloanza na X, na kwa sababu hiyo chumba kile kilikuwa na wafanyakazi kumi na wanne, wote mashangazi, wajomba na mabinamu wa Waziri wa Maneno, na kila mwaka walipewa cheti cha kutofanya kosa.

Bi. Arafa hakuwahi kupata cheti. Alikuwa na utaratibu wake, nao ulikuwa wa pole kama maji ya mtungini. Maana ya neno haikuingia kwenye kadi mpaka isikike kwa mashahidi watatu, na shahidi hakuulizwa kitu. Bi. Arafa alikwenda, akakaa, akazungumza habari za mvua na maumivu ya goti, akasubiri. Saa moja, saa tatu, siku nzima. Neno likija lenyewe, mtu akiwa anashughulika na mambo yake, hapo ndipo alipotoa kadi mkobani, akaandika sentensi kama ilivyotamkwa, akampa msemaji aweke dole gumba. Kazi hii aliiita kutega neno. Utaratibu huo ulikuwa ni sheria ya nchi, umetundikwa ukutani kwenye fremu, na chini yake palikuwa na saini ya Mtukufu Kiongozi mwenyewe, aliyoitia siku moja alipokuwa akitia saini mambo mengi.

Kadi ya neno kanga ilikuwa miongoni mwa kadi zake safi kabisa. Maana ya kwanza: ndege wa porini mwenye madoa meupe, hukimbia, na akibanwa huruka. Maana ya pili: vazi la kike la vipande viwili. Maana ya tatu: kole la mnazi, lile shada linalobeba nazi, likiwa limekwisha kuangushwa nazi zake. Maana zote zilikaa pamoja kwenye kadi moja bila kugombana, jambo ambalo Baraza la Mawaziri halikuwahi kuliweza.

Balaa lilianzia porini.

Mtukufu Kiongozi alikuwa mpenda kuwinda. Kila mwaka alialika mabalozi, akapiga risasi moja, na kanga akaanguka. Hakuwahi kukosa kwa miaka kumi na tisa, kwa sababu kanga wake alifungwa kamba mguuni, na kamba ilishikwa na Idara ya Itifaki, iliyojificha kichakani ikiwa na tai shingoni. Kando ya Kiongozi alisimama Mzee Chitemo, mlinzi wa pori. Kazi yake ilikuwa kutangaza matokeo kwa sauti, ili mwandishi wa kumbukumbu aandike. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ametangaza neno moja tu: "Kaanguka!"

Mwaka huo Idara ya Itifaki ilikuwa kwenye semina. Mada ya semina ilikuwa umuhimu wa kuwepo kazini.

Kiongozi akalenga. Bunduki ikalia. Kanga, ambaye hakuwa na mtu wa kumshika, akakimbia hatua nne, akapiga mbawa, akapita juu ya kofia za mabalozi, akaenda zake. Na Mzee Chitemo, aliyeajiriwa kutangaza kile alichokiona na ambaye hakuna aliyewahi kumpa maelekezo mengine, akajaza pumzi kifuani akatangaza:

"Kanga karuka!"

Alikamatwa kabla mwangwi haujarudi.

Redio ya taifa iliarifu jioni ile kwamba Mtukufu Kiongozi amepiga risasi ya kihistoria na kanga ameipokea kwa heshima. Asubuhi yake Mzee Chitemo alifikishwa mbele ya Hakimu Msabaha kwa kosa la kutangaza mruko usiokuwepo, kifungo chake miaka saba. Hakimu Msabaha alikuwa mtu wa tahadhari, mwenye mazoea ya kula kiapo mwenyewe kabla ya kunywa maji. Alimtazama mshtakiwa, akamtazama mwendesha mashtaka, akatazama picha ya Kiongozi ukutani.

"Mshtakiwa anasema kanga aliruka," alisema. "Serikali inasema ndege aliyeruka hawezi kuwa kanga. Hili ni suala la maana ya neno. Kesi inaahirishwa siku saba mpaka kadi ya kamusi iletwe. Itakachosema kadi, ndicho."

Sasa ni vizuri msomaji ajue kwamba Mzee Chitemo alikuwa shemeji yake Bi. Arafa, mdogo wa marehemu mumewe. Ndiye aliyebeba jeneza mbele, ndiye aliyempaulia nyumba baada ya msiba, na ndiye aliyemwita "mke wangu mdogo" kila Idi ili kumchokoza, ingawa alikuwa amemzidi umri kwa miezi minane tu.

*

Waziri wa Maneno na Matumizi Yake, Mheshimiwa Dakta Injinia Bakuza, hakumwita Bi. Arafa ofisini. Alikuja mwenyewe, akifuatana na wapiga picha watatu, akaketi juu ya meza ya Bi. Arafa kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja.

"Mama yangu Arafa," alisema, "taifa linakuhitaji. Nimekuletea fasili, imeshaandaliwa. Wewe unakili tu."

Bi. Arafa akaisoma. Kanga: ndege wa porini mwenye madoa, ambaye akilengwa na Kiongozi huanguka. Asiyeanguka si kanga.

"Nzuri, Mheshimiwa," alisema Bi. Arafa. "Imepigwa chapa vizuri. Mashahidi wangu watatu wako wapi?"

"Mashahidi gani?"

Bi. Arafa akamwonyesha ukutani kwa kidole. Waziri akasimama kusoma ile fremu, akaanza kutabasamu kwa dharau, kisha akafika kwenye saini. Tabasamu likarudi lilikotoka. Mbele ya wapiga picha watatu hakuwa na njia ila kuinamisha kichwa.

"Una siku saba," alisema. "Zikipita, droo ya K nawapa wale wa X, wanakili wao. Wana nafasi."

Habari zikasambaa kwamba neno kanga linafanyiwa marekebisho, na hakuna wizara iliyotaka kuachwa nyuma. Kufikia Jumatano Bi. Arafa alikuwa amepokea barua kumi na moja. Wizara ya Usalama ilitaka maana ya nne: mtu yeyote ambaye akilengwa haanguki. Wizara ya Afya ilitaka kanga awe chakula ambacho mwananchi akikikosa afya yake huimarika. Wizara ya Mipango haikuwa na maana mkononi, ila iliomba itengewe nafasi. Mjomba mmoja wa chumba cha X aliandika kwa unyenyekevu kuuliza kama neno hilo haliwezi kuhamishiwa kwao, likaitwa xanga, ili na wao wapate kitu cha kufanya.

Aliyeleta mushkeli mkubwa ni katibu mwerevu wa Waziri. Kwa kutaka usawa aliagiza kwamba kila kinachoitwa kanga, pamoja na vazi, kianguke kinapotazamwa na Kiongozi. Umoja wa Akina Mama ulifika wizarani saa mbili asubuhi, wote wamejifunga viunoni. Saa mbili na robo agizo lilikuwa limefutwa, na katibu alikuwa ameomba likizo ya ugonjwa.

*

Bi. Arafa alitega. Alikaa saluni, alikaa kwenye foleni ya posta, alikaa kwa fundi cherehani mpaka akashonewa gauni ambalo hakulihitaji. Watu walisema kanga mara nyingi, lakini kanga wao alikuwa yuleyule wa siku zote: aliyekula mbegu za mahindi, aliyekimbia, aliyeruka. Hakuna hata mmoja aliyeanguka kwa heshima ya mtu.

Siku ya nne Waziri akampelekea mashahidi. Walikuwa watumishi wa umma arobaini, wamejipanga mstari kwenye korido. Wa kwanza akasimama wima kama mtoto wa shule, akafumba macho akasema: "Mimi raia mwema jana nilipokuwa nikipita nilimwona kanga na ambaye alipolengwa na Kiongozi alianguka ahsante."

"Umekariri, mwanangu," alisema Bi. Arafa. "Neno lililokaririwa siliandiki. Nenda kanywe chai."

Wote arobaini wakaenda kunywa chai, na huko kwenye chai mmoja wao, akiwa na andazi mdomoni, aliwahadithia wenzake jinsi kanga walivyomruka baba yake shambani. Bi. Arafa alimsikia kupitia dirishani. Hakuwa na moyo wa kumfuata na kadi, asije akamponza.

Siku ya tano alikwenda mahabusu na kikapu cha ndizi za kupika.

"Shemeji," alisema Mzee Chitemo kupitia nondo, "umekonda. Watu watasema sikutunzi."

"Nyamaza, mzee usiye na haya. Wanakulisha?"

"Wananilisha. Kuna maharage, na kuna kumbukumbu ya maharage. Zinapokezana siku." Alicheka, kisha akasogea karibu zaidi na nondo. "Arafa, sikiliza. Waandikie wanachotaka. Miaka saba si mingi. Nikitoka nitakuwa na sabini, nitapumzika vizuri."

"Ulisema kanga kaanguka?"

"Nilisema karuka."

"Aliruka hakuruka?"

"Aliruka, mama! Aliruka mpaka nikajisikia raha. Miaka kumi na tisa nawatazama wanaanguka na kamba mguuni. Nilifurahi, ndipo nikapaza sauti kuliko kawaida. Hilo ndilo kosa langu, sauti."

Bi. Arafa alitoka pale ana hasira. Alimwogopea shemeji yake, alijiogopea mwenyewe, na zaidi ya hayo alichukia kufikiri kwamba kadi yake, ambayo hajawahi kuitia uongo hata wa nukta, ndiyo ingetumika kumfungia mlango mzee wa watu. Njiani aliongea peke yake, na watu wakampisha.

*

Ni Waziri mwenyewe aliyeleta ufumbuzi, na hadi leo anajuta.

"Kwa nini tunahangaika na mashahidi wadogo?" alisema siku ya sita, akijipongeza kwa kupiga paja. "Shahidi ni Mtukufu Kiongozi! Sheria inasema yeye mmoja ni sawa na watu wote. Nani atajua maana ya kanga kuliko mlengaji mwenyewe? Twende Ikulu, ukatege hiyo mitego yako."

Walimkuta Kiongozi barazani, amevua viatu, anamenya karanga za kuchoma. Alikuwa mzee mnene mwenye macho ya usingizi. Kwa miaka mingi watu walikuwa wamekuja kwake kumpongeza, kumwomba au kumshtakia wenzao. Hapakuwa na aliyekuja kukaa tu. Bi. Arafa alikaa.

Waliongea habari za mvua. Waliongea habari za goti. Ikawa Kiongozi naye goti lake la kulia linamsumbua, na hakuwa na wa kumwambia, maana lilikuwa siri ya dola. Bi. Arafa akamwelekeza mafuta ya nyonyo, na namna ya kuyapasha. Saa ikapita, na ya pili ikapita. Waziri alisimama nyuma yao akibadilisha mguu, akimkonyeza Bi. Arafa aulize. Bi. Arafa hakuuliza kitu. Alichukua karanga, akamenya.

Kiongozi akaegemea kiti, akacheka peke yake.

"Mama Arafa," alisema, "nikupe hadithi? Mimi nimewinda miaka kumi na tisa. Nalenga, anaanguka. Nalenga, anaanguka, kama gunia. Wanapiga makofi. Nakwenda nyumbani, nalala. Hata siku moja sijaikumbuka kesho yake. Lakini mwaka huu, mama wee! Nimemlenga hivi, nimebana jicho, nikafyatua, na yule kanga karuka! Karuka kweli kweli, upepo wa mbawa zake ukanipiga shavuni hapa." Akajigusa shavu. "Nilimkosa kwa kidole kimoja. Nimemwota mara tatu. Huyo ndiye kanga, wale wengine sijui walikuwa nini."

Waziri alifungua mdomo. Lakini kumkatisha Kiongozi akiwa anasema ilikuwa ni kosa la miaka kumi, katika sheria aliyoipeleka bungeni Waziri huyohuyo, na kwa hiyo akaufunga.

Bi. Arafa alikuwa ameshatoa kadi. Aliandika sentensi kama ilivyotamkwa, hata lile "mama wee", akaisoma kwa sauti, akasogeza kidau cha wino.

"Dole gumba hapa, Mtukufu. Ni utaratibu."

"Wa nani?"

"Wako."

Kiongozi akaweka dole lake lenye mafuta ya karanga, akafurahi kulitazama.

*

Siku ya saba mahakama ilijaa mpaka madirishani. Hakimu Msabaha alikula kiapo, akanywa maji, akaipokea kadi, akaisoma kimya. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Jasho likamshuka hadi kwenye kola.

"Shahidi wa neno hili," alisema taratibu, "anasema kanga aliruka. Shahidi huyo ni..." Akageukia picha ya ukutani, akasimama, na mahakama nzima ikasimama naye bila kujua kwa nini.

Hukumu ilimchukua saa nne kuiandika, na mimi naifupisha. Mtukufu Kiongozi hasemi uongo. Kwa hiyo kanga aliruka, na mshtakiwa alisema kweli, aachiwe. Hata hivyo Mtukufu Kiongozi hakosi shabaha. Kwa hiyo hakukosa. Kosa limefanyika na aliyelifanya lazima apatikane. Kwenye risasi ile walihusika watatu tu: Kiongozi, kanga na bunduki. Kiongozi hana kosa, kanga hajulikani aliko. Bunduki inahukumiwa kifungo cha miaka saba.

Bunduki ikatolewa mahakamani katikati ya askari wawili. Kwa kuwa gereza halikuwa na mtu anayejua kulinda silaha ya aina ile, Mzee Chitemo akapewa kazi hiyo, na kiti cha kukalia. Bi. Arafa alimshika mkono mbele ya watu wote, akalia waziwazi, na shemeji yake akasema, "Punguza machozi, mke mdogo, watadhani umefiwa na bunduki."

Waziri hakukubali kushindwa hivi hivi. Jumatatu ilitoka amri kwamba neno kanga limepewa likizo ya lazima, lisitamkwe wala kuandikwa mpaka tume imalize kulichunguza. Tume iliundwa na wale kumi na wanne wa chumba cha X, waliopokea kazi yao ya kwanza kwa mshtuko mkubwa. Akina mama hawakuandamana safari hii. Siku hiyohiyo walihamia kwenye neno leso, jina jingine la vazi lilelile, wakaendelea na safari zao. Wakwea minazi hawakuarifiwa, na hawakujua kwamba palikuwa na amri. Polisi walikuja Baraza la Kamusi kuchukua ile kadi, wakaitia kwenye bahasha, wakaipiga lakiri. Bi. Arafa aliwapa. Akarudi kitini, akakuta droo ina pengo la upana wa kadi moja, akakaa akilitazama.

Lakini ndege alikuwa bado yuko porini, na watu walikuwa bado wanampenda kwa nazi. Lazima aitwe kitu.

Jumamosi moja, miezi mitatu baadaye, Bi. Arafa alikuwa sokoni, upande wa matenga ya kuku, amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akizungumza habari za goti na muuzaji. Mkobani alikuwa na kadi mpya. Mstari wa kwanza ulikuwa na dole la muuzaji mwenyewe, la wiki iliyopita. Mstari wa pili ulikuwa na dole lenye mafuta, lililoletwa na mlinzi wa Ikulu: Kiongozi alikuwa ametuma ujumbe kwa Mzee Chitemo kwamba akimwona tena yule ndege aliyemkosa, na hapo akamtaja kwa jina jipya, amwite Kiongozi upesi, na ujumbe ulipitia kwa Bi. Arafa. Mstari wa tatu ulikuwa mtupu.

Akaja mtu mnene amevaa kaptura na kofia iliyoshushwa hadi kwenye nyusi. Akainama juu ya matenga, akatikisa moja, akakunja uso.

"Huyu amekonda," alisema. "Nina wageni leo, mke wangu atanifukuza. Hebu nichagulie karuka mmoja aliyenona."

Aliponyanyuka alikutana ana kwa ana na Bi. Arafa, kadi mkono mmoja, kidau cha wino mkono mwingine. Hakimu Msabaha akatazama kulia, akatazama kushoto. Hapakuwa na picha ukutani, maana hapakuwa na ukuta.

"Ni utaratibu?" aliuliza.

"Ni utaratibu, Mheshimiwa."

Akaweka dole gumba, akalipa, akamchukua ndege wake kwapani akaondoka upesi. Bi. Arafa alirudi ofisini ingawa ilikuwa Jumamosi, akafungua droo ya K, akaandika kwa hati yake ndogo iliyonyooka:

Karuka: ndege wa porini mwenye madoa meupe, akilengwa, huruka.

Akaiingiza kwenye pengo. Iliingia sawasawa.